Harusi ng'ambo ya mpaka: hesabu siku kuanzia nikaha ukirudi nyuma

Mwaliko wa harusi siku hizi huingia Mutaho kupitia simu ya mkononi: picha yenye maua pembeni, majina ya maarusi wawili, jina la ukumbi ulioko Dar es Salaam, Kahama, Kasulu au Kigoma, na chini yake tarehe na saa. Kabla jua halijatua, habari imeshazunguka ukoo mzima. Shangazi anatafuta kitenge, mjomba anauliza nauli, vijana wanahesabu siku. Linalosahaulika katika furaha hiyo ni kwamba kadi ya mwaliko haimfungulii mtu mpaka. Ofisa wa uhamiaji aliyeko Kobero hatauliza ni nani anayeoa. Ataomba hati ya kusafiria.

Makala haya yanaeleza namna mgeni wa harusi anayetoka Mutaho, Gitega au Muyinga anavyoweza kufanya safari ya Tanzania pasipo kukwama njiani, pasipo kumlemea mwenyeji, na pasipo kufika wakati vyombo vinaoshwa. Kanuni kuu ni moja: usihesabu siku kuanzia leo kwenda mbele, hesabu kuanzia siku ya nikaha ukirudi nyuma.

Kwa nini harusi zetu huvuka mpaka

Kwa jamii ya Waswahili wa Burundi, kutoka Buyenzi hadi Rumonge, kutoka Gitega hadi Muyinga, harusi ya Tanzania si matembezi ya kitalii. Ni wajibu wa damu. Njia za biashara zilizokutana Ujiji katika karne ya 19 ziliunganisha pande zote za Ziwa Tanganyika kwa lugha, kwa dini na kwa ndoa. Baadaye yakaja machungu ya mwaka 1972, ambapo Warundi wengi mno walikimbilia Tanzania na kupewa makazi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mwaka 2014, Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 miongoni mwa wakimbizi hao na vizazi vyao.

Kwa hiyo bwana harusi anaweza kuwa raia wa Tanzania aliyezaliwa Ulyankulu, ilhali babu yake mdogo bado analima mlimani Mutaho. Ukoo ni mmoja, serikali ni mbili. Harusi ndiyo siku adimu ambayo ukoo huo hukaa tena kwenye mkeka mmoja, na ndiyo maana kukosekana kwa mtu mmoja kwa sababu ya karatasi huacha jeraha lisilopona upesi.

Tuchukue mfano. Baba anaishi Mutaho. Binti yake anaolewa Dar es Salaam, na nikaha imepangwa Jumamosi saa 4 asubuhi. Baba huyo si mtazamaji tu: yeye ndiye walii, mwenye mamlaka ya kumwozesha binti. Asipofika, shughuli yote hutikisika. Tutaifuata safari yake hatua kwa hatua.

Miezi miwili kabla: hati ya kusafiria

Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010. Kutokana na hilo, Mrundi haombi viza ili aingie Tanzania. Lakini kutodaiwa viza si sawa na kutodaiwa hati. Wengi huchanganya mambo hayo mawili, na hapo ndipo safari nyingi huvunjika.

Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana mwaka 2014 kwamba raia wao wavuke mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Burundi na Tanzania hazimo katika makubaliano hayo. Karangamuntu peke yake, basi, haitoshi Kobero. Inahitajika pasipoti iliyo hai, au hati ya muda ya kusafiria ambayo wengi wetu huiita lese-pase. Mwenye pasipoti na aitazame tarehe ya mwisho leo hii, si usiku wa kufunga mizigo. Asiye nayo aanze kuishughulikia mara tu mwaliko unapofika, kwani foleni haijui tarehe ya harusi.

Kuna jambo jingine la kuzingatia. Tangu mwaka 2025 mikoa 18 ya Burundi imeunganishwa na kuwa mitano, na tarafa 119 zimepunguzwa hadi 42. Muyinga sasa iko ndani ya mkoa wa Buhumuza, na Gitega imepanuka. Ofisi uliyozoea kupata cheti cha kuzaliwa au uthibitisho wa makazi huenda imehamishwa. Ulizia kwanza ni ofisi ipi inayokuhudumia sasa, ndipo ulipe nauli ya kwenda huko.

Ikiwa anayefunga ndoa ndiye anayetoka Burundi, muda unaohitajika ni mrefu zaidi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka taarifa ya ndoa itolewe angalau siku 21 kabla ya ndoa kufungwa, na arusi mgeni ajiandae kuthibitisha kwa cheti kutoka kwao kwamba hana ndoa nyingine. Cheti hicho hutolewa na mamlaka ya nyumbani, wala hakipatikani ukiwa tayari ukumbini. Sheria hiyohiyo inataka mashahidi wasiopungua wawili, kwa hiyo anayetarajiwa kuwa shahidi asiache kitambulisho chake nyumbani.

Wiki tatu kabla: chanjo na watoto

Burundi imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya maambukizi ya homa ya manjano, na Tanzania hudai cheti cha chanjo hiyo kwa wasafiri wanaotoka nchi za namna hiyo. Cheti huanza kuwa halali siku 10 baada ya kuchomwa sindano. Anayechanjwa Jumatano ili avuke Alhamisi amelipia sindano, lakini cheti chake bado hakijaanza kutumika. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni cha maisha yote, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10. Aliyechanjwa zamani, kwa mfano kwa ajili ya safari ya Hija, akitafute sandukuni kabla ya kwenda kulipia kingine.

Kituo cha mpakani kinaweza pia kuwapima wasafiri joto la mwili. Januari 2025 Tanzania ilitangaza mlipuko wa virusi vya Marburg wilayani Biharamulo, wilaya ambayo barabara ya kutoka Kobero hupita. Mlipuko huo ulitangazwa kumalizika miezi miwili baadaye, lakini uliacha funzo: mgonjwa mwenye homa asijilazimishe safari kwa kuona haya. Ni heri kutuma salamu na mchango kuliko kubeba ugonjwa na kuufikisha kwenye sinia la pilau linaloliwa na watu wanane.

Watoto nao wana masharti yao. Mtoto huhitaji hati yake ya kusafiria, na pale anaposafiri na mzazi mmoja au na shangazi, hutakiwa barua ya idhini kutoka kwa mzazi anayebaki, iliyothibitishwa na mamlaka. Sharti hili halikuwekwa kuwasumbua watu wa harusi. Burundi ina sheria dhidi ya biashara haramu ya binadamu tangu mwaka 2014, na maofisa wanajua kuwa neno "harusi" limewahi kutumiwa kama kisingizio cha kuwapitisha wasichana mpakani. Kwa sababu hiyohiyo, binti anayealikwa na mtu asiyefahamika kwao, akaahidiwa nauli na kazi baada ya sherehe, asiruhusiwe kuondoka mpaka wazee wamezungumza na familia ya maarusi wenyewe kwa simu.

Kuchagua mpaka: Kobero au Mugina

Mpaka mzuri ni ule ulio karibu na harusi, hata kama si ule uliouzoea.

Kwa harusi ya Ngara, Kahama, Shinyanga, Singida, Dodoma au Dar es Salaam, njia ni Kobero. Msafiri wa Mutaho hupitia Ngozi, au hushuka Gitega na kupita Karuzi, kisha Muyinga, ndipo afike Kobero. Upande wa pili ni Kabanga, wilayani Ngara. Kutoka hapo barabara huenda Lusahunga, Nyakanazi, Kahama, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro. Kwa harusi ya Kigoma, Ujiji au Kasulu, aghalabu ni afadhali kuelekea kusini, kupita Makamba na Mabanda hadi Mugina, na kuingia Tanzania kwa Manyovu. Anayekwenda Kigoma kwa kupitia Kobero huzunguka kupitia Nyakanazi, Kakonko na Kibondo, safari ndefu isiyo na faida.

Walioalikwa Uganda wakumbuke kwamba Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda Januari 2024. Ile njia fupi ya Kigali ilikatika tangu hapo, na msafiri wa barabara huzunguka Tanzania hadi Mutukula. Kabla ya kukata tiketi, sikiliza taarifa za habari kuhusu hali ya mipaka, kwani mabadiliko hutangazwa ghafla.

Kabanga na Kobero zinafanya kazi kwa mfumo wa kituo kimoja cha mpakani, yaani maofisa wa nchi zote mbili wanahudumu mahali pamoja. Jambo hilo limepunguza usumbufu, lakini limeleta kosa jipya: msafiri hugongewa muhuri mmoja, akadhani amemaliza, akapanda basi. Hakikisha una mihuri miwili, wa kutoka Burundi na wa kuingia Tanzania, na soma siku ulizoandikiwa. Aliyeingia bila muhuri, au kwa njia za panya kwa sababu basi zima limesema ni rahisi, hugeuka mhamiaji haramu mbele ya kizuizi cha kwanza cha barabarani. Wenyeji wake watatoka kwenye pilau kwenda kumtafuta kituo cha polisi.

Wanaosafiri na gari lao wakumbuke mambo mawili. Burundi tunaendesha kulia. Tanzania wanaendesha kushoto. Badiliko hilo hutokea palepale mpakani, na hatari kubwa haiko mjini bali asubuhi ya siku inayofuata, pale dereva aliyechoka anapotoka kituo cha mafuta na kurudia mazoea yake. Pili, bima ya ndani haivuki mpaka. Inahitajika ile bima ya kikanda inayoitwa Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania nayo huitambua ingawa si mwanachama wa COMESA.

Suala la mafuta linaanzia nyumbani. Kwa uhaba ambao nchi yetu imeupitia miaka hii, gari la kutoka Mutaho hadi Muyinga laweza kukosekana siku unayolihitaji. Usiiwekee sehemu hiyo ya safari saa mbili. Iwekee siku nzima.

Siku tatu njiani, na saa moja inayopotea

Turudi kwa baba yetu wa Mutaho. Kutoka Kabanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Kwa basi, safari hiyo humeza mchana na usiku, na pengine zaidi. Akipanga kufika Ijumaa jioni, hana akiba yoyote: tairi moja likipasuka Singida, nikaha itafungwa bila yeye. Na apange kufika Alhamisi. Ili afike Alhamisi, aondoke Mutaho Jumanne asubuhi, alale Muyinga, na avuke Kobero Jumatano mchana kweupe.

Kisha kuna saa moja ambayo haionekani. Saa ya Tanzania imeitangulia ya Burundi kwa saa moja. Ikiwa saa 3 asubuhi Mutaho, Dar es Salaam ni saa 4. Anayeelekea mashariki hupoteza saa hiyo, na ndiye anayechelewa. Simu nyingi hujibadilisha zenyewe zikipata mtandao wa nchi mpya, lakini saa ya mkononi haijibadilishi, wala simu isiyo na laini ya huko. Baba akifuata saa ya Mutaho, atatia mguu msikitini wakati watu wanapeana tende na halua.

Angalia pia namna saa inavyoandikwa. Kadi ya Kiswahili ikisema saa 12 jioni, maana yake ni machweo. Tiketi ya basi ikiandika 06:00, maana yake ni alfajiri, saa 12 asubuhi, wala si saa 6 mchana. Watu wamewahi kufika kituoni na mizigo yao saa 5 na nusu, wakijisifu kwa kuwahi, na kumbe basi limeshaondoka asubuhi. Uliza kwa maneno: asubuhi, mchana au usiku?

Wanaoalikwa Zanzibar waongeze hatua nyingine. Mgeni asiye Mtanzania hukaguliwa hati tena anapovuka kwa boti kutoka Dar es Salaam, kwa hiyo pasipoti isiachwe kwa mwenyeji wa bara. Isitoshe, tangu Oktoba 2024 Zanzibar imeweka bima ya lazima ya dola 44 kwa wageni wa kigeni; mwombe mwenyeji wako aulizie mapema kama raia wa nchi za Jumuiya anahusika.

Fedha na simu

Faranga ya Burundi haimnunulii mtu chai Kahama. Tangu mwaka 2025, kanuni za Tanzania zimepiga marufuku bidhaa na huduma za ndani kulipiwa kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo hata mwenye dola atatakiwa azibadilishe kwanza. Badilisha katika benki au duka lenye leseni, uombe stakabadhi. Anayekukimbilia dirishani mwa basi na bunda la noti mkononi anajua kwamba basi litaondoka kabla hujamaliza kuhesabu.

Gawanya fedha mahali patatu: nauli ya kwenda, matumizi ya harusi, na nauli ya kurudi. Nauli ya kurudi isiguswe, hata ngoma zikinoga. Katika kumbi za Tanzania kuna desturi ya kuwatuza maarusi huku watu wakicheza kwa foleni, na mgeni aliyetoka mbali hutazamwa. Wengi wamemwaga nauli yao pale, na kesho yake wakamwendea mwenyeji kwa sauti ya chini.

Laini ya simu ya Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole, na mgeni hutumia pasipoti yake. Usikubali kutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu usiyemjua. Na zaidi ya yote, andika namba za wenyeji kwenye karatasi. Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu wa Tanzania, intaneti ilizimwa na amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa Dar es Salaam. Aliyekuwa na ramani, tiketi na mwaliko ndani ya simu tu alibaki kama kipofu. Karatasi moja mfukoni, yenye jina la mtaa na namba tatu, haihitaji mtandao.

Zawadi na mizigo

Mtu hatoki Mutaho mikono mitupu. Lakini kati ya zawadi na bidhaa kuna mstari, na forodha huupima kwa wingi. Kitenge ulichoshona ni nguo yako. Majora kumi ya kitenge cha sare, hata kama ni ya mashangazi kumi wa kweli, hufanana na biashara. Njia rahisi ni kila mtu kubeba sare yake mwenyewe, ikiwa imeshashonwa. Vikapu vya kusuka vya kwetu hupokelewa kwa heshima kubwa na havina uzito. Vibebwe viwili au vitatu kwa mtu mmoja.

Maharage, mbegu, miche, nyama na mifugo vina masharti yake ya vibali katika pande zote mbili za mpaka. Usibebe gunia kwa kudhani kwamba chakula ni baraka isiyokaguliwa. Mifuko ya plastiki nayo imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, kama ilivyo hapa kwetu. Funga vitu vyako katika kitambaa au kikapu. Na asiwepo mtu wa kukupa mzigo uliofungwa "umpelekee fulani" bila kuufungua mbele yako. Mzigo ni wa yule anayeubeba. Mpakani hakuna mwingine atakayeulizwa.

Mchango, kadi na adabu za ugenini

Lugha ni moja, lakini desturi hutofautiana. Sisi tumezoea kwamba intererano yaweza kukabidhiwa siku yenyewe, katika bahasha. Tanzania, kamati ya harusi hukusanya michango wiki nyingi kabla, na kadi ya kuingia ukumbini mara nyingi hutolewa kwa aliyekwisha kutoa ahadi yake. Kadi huonyesha pia kama ni ya mtu mmoja au ya watu wawili. Kufika na watu watano kwa kadi ya wawili si ukarimu. Ni kuwanyima viti watu waliokwisha kupangiwa. Wapeleke wenyeji orodha kamili ya majina mapema, pamoja na umri wa watoto, ili wajue wapi pa kulaza watu na masufuria mangapi ya kuinjika.

Pwani na visiwani kuna shughuli za wanawake peke yao, kama vile kumsinga na kumpamba bibi harusi. Huko simu huwekwa mkobani. Picha ya mwanamke asiyejisitiri, iliyopigwa kwa furaha na kurushwa kwenye kundi la ukoo, imeshawahi kuharibu undugu wa miaka. Omba ruhusa kwanza, na ukikataliwa usinune.

Kwa familia ambazo ndugu zao wangali katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, kuna sheria ya pekee. Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae katika eneo lililotengwa, na kutoka kwake kunahitaji kibali. Mgeni naye haingii kambini bila ruhusa. Usimshawishi ndugu yako atoroke kwa usiku mmoja ili aje kwenye harusi ya mjini. Gharama ya usiku huo huweza kumfuata muda mrefu.

Na kama walii hakufika?

Hata aliyehesabu vyema huweza kuzuiwa na ugonjwa, mafuriko au mpaka uliofungwa. Ndiyo maana baba yetu wa Mutaho anapaswa kufanya jambo moja kabla hajapanda gari: kuteua wakala. Dini inamruhusu walii kumkabidhi mtu mwingine mwaminifu mamlaka ya kuozesha kwa niaba yake. Na aandike jambo hilo, atie sahihi mbele ya mashahidi na imamu wake, kisha nakala moja itangulie kwa sheikh atakayefungisha ndoa, ambaye atakubaliana mapema na imamu kama inatosha. Akifika salama, karatasi hiyo itabaki mfukoni. Asipofika, binti hatakaa mbele ya wageni mia mbili akisubiri simu isiyoshika mtandao.

Kuna wazee wanaoona kuandika wakala ni kuitakia safari mkosi. Ukweli ni kinyume chake. Huko ni kumwambia binti: hata barabara ikinishinda, radhi yangu imeshafika kwako.

Kurudi nyumbani

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Itifaki ya Jumuiya inaruhusu mgeni kukaa hadi miezi sita, lakini siku zako ni zile ulizoandikiwa na ofisa kwenye pasipoti, si zile zilizo kinywani mwa watu. Zikimalizika nawe ungali huko, umevunja sheria, hata kama unamwuguza shangazi. Kibali cha kutembea, vilevile, si kibali cha kufanya kazi. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo uuzaji wa bidhaa kwa rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, utengenezaji wa simu na saluni. Kijana anayesema "nikifika huko nitabaki kidogo nijaribu bahati" na asikie mapema kwamba bahati hiyo ina adhabu.

Ikiwa aliyeolewa au aliyeoa ni Mrundi, msirudi na picha tu. Rudini na cheti cha ndoa. Sheria ya Burundi haitambui ndoa ya kidini peke yake, bali ndoa iliyofungwa na kusajiliwa mbele ya mamlaka ya kiserikali. Tanzania, ndoa ya Kiislamu iliyofungishwa na sheikh mwenye leseni husajiliwa na kupewa cheti. Cheti hicho ndicho kitakachosimama siku ya kuandikisha mtoto, kugawana mirathi au kuomba hati ya mke. Picha za ukumbini hazitafanya kazi hiyo.

Wahenga walisema pia, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa namna hiyo ni yule aliyefika Alhamisi na hati zake zote, akapumzika Ijumaa, na Jumamosi saa 4 asubuhi, kwa saa ya Tanzania, akawa ameketi mbele ya mkwewe kumpa mkono. Safari yake haikuanza Jumanne alipoondoka Mutaho. Ilianza miezi miwili kabla, asubuhi ile mwaliko ulipoingia kwenye simu, naye akainuka kwenda kuitafuta pasipoti yake sandukuni.